Maduka ya Shemeji Katito

Sikiliza, wewe uliyemaliza kazi ya mtu na sasa akikuona sokoni anavuka barabara. Kaa vizuri. Nitakueleza polepole jinsi nilivyomshika mtu wa namna hiyo, na sitakuficha kwamba kila hatua niliifurahia. Neno mahakama lisikutishe. Mimi niliishia darasa la saba, na mlango wa masijala ya korti ya Kisumu niliusukuma kwa mkono huu unaoshika mwiko. Kama unaweza kusubiri zege likauke kabla ya kulikanyaga, kesi pia utaiweza.

Mtu wangu alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, tumbo moja. Alikuwa na pesa. Alinunua omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge kwa magunia, akayauza kwa wenye viwanda vya chakula cha kuku, na mwishoni mwa miaka ya themanini alikuwa na pikapu, saa ya dhahabu na kiwanja kando ya barabara pale Katito, karibu na njia ya kwenda Kendu Bay. Alitaka maduka matano yaliyoshikana, yenye veranda moja ndefu mbele. Alikuja kwangu Kondele, mjini Kisumu, siku ya Jumapili tukiwa tumetoka kanisani, akala samaki kwangu, akajifuta mikono, akasema, "Omera, ndugu yangu, nitampaje mtu mwingine kazi na mume wa dada yangu ni kontrakta?"

Nilimwambia tuandikishane. Alicheka, akamgeukia mke wangu. "Mama, huyu bwana yako anataka kunipeleka kwa wakili kwa sababu ya matofali?"

Mke wangu alikuwa anaondoa sahani. Alisema, "Andikeni. Karatasi haiumi."

Sikuandika. Kwetu, watu wa upande wa mke hawafanyiwi biashara kama wateja. Ukienda nyumbani kwao unakaa pale unapowekwa, unasema kwa sauti ya chini, na huzungumzi habari ya pesa ukitazama mtu machoni. Kumwambia shemeji atie sahihi kungekuwa sawa na kumwambia nakuona mwizi. Tukashikana mikono. Alinipa malipo ya kuanzia, na mengine tukakubaliana atalipa tukifika kwenye linta, boriti ya juu ya milango, kisha tukiezeka, kisha tukikabidhi funguo.

Udongo wa Katito ni mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi unaweza kuingiza mkono, halafu mvua ikinyesha unavimba na kuinua nyumba. Shemeji alitaka msingi mfupi kuokoa pesa. Nilikataa. Nilichimba hadi nikafika kwenye changarawe, nikajaza mawe. Hayo maduka yamesimama mpaka leo bila ufa, na nilikuja kufurahi baadaye kwamba niliyajenga vizuri, utaona kwa nini.

Malipo ya linta yalikuja nusu. Ya kuezeka hayakuja. Aliniambia omena imepungua ziwani, nisubiri. Kwa kuwa ni shemeji nilisubiri, nikachukua saruji, nondo na mabati kwa mkopo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu. Mwenye duka alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa haki lakini asiyetania kuhusu mali yake. Alitaka dhamana. Nilimwachia hati ya kiwanja changu cha Kondele, pale nilipojenga nyumba yetu na pale watoto wetu wanne walipozaliwa. Nilimwambia mke wangu usiku huohuo. Hakugomba. Aliuliza tu, "Na kaka yangu asipolipa?"

"Atalipa. Ni kaka yako."

"Ndiyo maana nauliza," akasema.

Nilimaliza kazi. Nilipaka rangi, nikatia vioo, nikamkabidhi funguo tano kwenye waya mmoja. Alizipokea, akazitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza saa, akasema nije mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hakuwepo. Mwezi uliofuata alikuwa Usenge. Nikafika Usenge, nikaambiwa ameondoka na pikapu alfajiri. Zaidi ya nusu ya pesa zangu zilikuwa bado kwake.

Hapo nilifanya kitu ambacho mtu wa mbali ataniona mjinga kwa ajili yake. Nilimtuma jagam, yule mzee aliyeunganisha ndoa yetu, aende kwa upole akamkumbushe. Ndivyo ilivyo kwetu: jambo gumu na wakwe linapitia kwa mtu wa kati, lisiharibu undugu. Jagam alienda, akanyweshwa chai, akarudi na salamu. Nikamtuma tena, akarudi na kuku. Mwaka ulikuwa unakwisha na nilikuwa nimepata kuku mmoja. Shemeji alijua kabisa kwamba siwezi kuja kumpigia kelele mbele ya watu, na alijificha ndani ya heshima yangu kama mtu aliyeazima blanketi lako na sasa analilalia.

Wapangaji walishaingia katika maduka yote matano.

Siku moja nilimkuta mwenyewe, uso kwa uso, kwenye kituo cha mafuta Kisumu. Nilimsalimia. Nilimwambia kwa sauti ile ya chini kwamba mwenye duka la vifaa amenipa muda wa mwisho, kwamba mwaka ujao ukifika katikati atauza kiwanja, na kwamba dada yake atalala nje.

Alifunga kifuniko cha tangi lake bila haraka. "Shemeji," akasema, "ulitoa ng'ombe wangapi?"

"Wapi?"

"Kwetu. Ulipomchukua dada yangu. Mimi nakumbuka watano. Watu wazima hutoa kumi na zaidi. Basi chukua hesabu ya maduka, toa wale ng'ombe ambao hujaleta. Naona tumemalizana." Akaingia ndani ya gari. "Na ukitaka risiti, nitakupa."

Mtumishi wa kituo cha mafuta alicheka. Nilikaa pale nikinusa petroli. Nataka uelewe kilichonipata, kwa sababu huenda kimekupata na wewe. Mpaka dakika ile nilikuwa mtu anayedai pesa. Tangu dakika ile nilitaka pesa, na nilitaka pia aone aibu mbele ya watu walewale wa Katito waliokuwa wakimwita Mheshimiwa. Sikutaka kumpiga. Ukimpiga mtu, wewe ndiye unakuwa mshtakiwa, naye analala hospitali anahurumiwa. Nilitaka kitu cha polepole chenye mhuri.

Nilipomweleza mke wangu habari ya ng'ombe, alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda. Baadaye akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi ni deni."

"Yeye ndiye anasema."

"Nimesikia. Kesho vaa koti. Twende kwa wakili."

Wakili wetu alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, ngazi za mbao, na mfuko wa njugu mezani ambao haukuisha. Alikuwa kijana, mcheshi, na alinieleza mambo kwa namna nitakayokueleza wewe. Kwanza aliuliza kazi iliisha lini. Deni la mapatano lina umri wake, akasema. Ukikaa miaka sita bila kufungua kesi, mlango unafungwa hata kama kila mtu anajua unadai. Kwa hiyo usingoje huruma ikomae. Pili akauliza nina karatasi gani. Nilimwambia sina. Akatafuna njugu kidogo. Akasema mapatano ya mdomo ni mapatano, korti inayatambua, lakini inabidi uyathibitishe kwa mashahidi: waashi wako, dereva wa lori aliyeleta mchanga, mwenye duka la vifaa. Tatu, akasema, tunaanza na barua ya madai. Unampa mtu nafasi ya kulipa kabla ya kumshtaki, ili asije akasema angelipa kama angeulizwa vizuri.

"Nimemuuliza kwa kutumia jagam," nikasema.

"Korti haijui jagam," akasema. "Inajua barua."

Barua ilienda. Shemeji aliipokea, akaisoma kwa sauti ndani ya baa moja Katito, watu wakacheka. Siku alizopewa zikapita. Tukafungua kesi. Hii ndiyo hatua watu huiogopa, na haina kitu cha kutisha: wakili aliandika hati ya madai, nikaapa kwamba yaliyoandikwa ni kweli, tukalipa ada ya mahakama, karani akagonga mhuri na kuipa namba. Kutoka hapo ikatoka samansi, yaani mwito wa kumwambia ajitetee. Mtu wa kupeleka samansi alimfuata mpaka Usenge, akamkuta amesimama ndani ya maji hadi magotini akikagua magunia kwenye mashua, akamngojea atoke. Alitoka mwishowe. Mtu hawezi kukaa majini siku nzima.

Kama angeinyamazia samansi, tungeomba hukumu bila yeye, na tungeipata. Lakini alijibu. Na kwa kuwa alikuwa bahili hata kwa nafsi yake, hakwenda kwa wakili. Alikwenda kwa mpiga taipu mmoja wa kando ya barabara, wale wanaokaa chini ya mwavuli na mashine kuukuu, akamwambia aandike utetezi.

Wakili aliponiita kuusoma, alikuwa amesimama dirishani, na niliona mabega yake yanacheka kabla hajageuka. Akanitafsiria kutoka Kiingereza. Shemeji alikuwa amesema: ni kweli alinijengea maduka matano, ni kweli pesa zinazotajwa hazikulipwa zote, lakini mimi namdai yeye mahari, ng'ombe kadhaa, na hesabu hizo mbili zikikatana hakuna anayemdai mwenziwe.

"Unaona alichofanya?" wakili akauliza.

Sikuona.

"Hatuhitaji waashi. Hatuhitaji dereva wa lori. Mtu anayesema deni langu likatwe amekubali kwamba deni liko. Amekupa mapatano yako kwa maandishi, ametia sahihi, na amelipia mwenyewe gharama ya taipu." Akanisogezea njugu. "Sasa kimebaki kitu kimoja. Hao ng'ombe ni wa nani?"

Sheria, alinieleza, inaruhusu watu wakatane madeni, lakini lazima wawe ni wao kwa wao. Kama nakudai wewe, na mimi nadaiwa na mtu mwingine, huwezi kutumia deni lake kunikata. Kwa hiyo swali lilikuwa nani ana haki ya kudai mahari ya mke wangu. Nililijua jibu, na mke wangu alilijua zaidi yangu. Aliichukua nakala ya utetezi, akaikunja ndani ya kitambaa chake, akapanda gari la kwenda kwao Nyakach peke yake. Mimi sikwenda. Mkwe haendi kushtaki mtoto wa mtu kwa baba yake.

Baba yake alikuwa mpimaji wa pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kabla ya kustaafu, mtu mfupi, mwenye hasira za haraka, na baiskeli ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Mke wangu alimkuta anaupaka mafuta mnyororo wake. Alimsomea karatasi akiigeuza kwa Kidholuo. Alivyonisimulia, mzee alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika kopo la mafuta, kisha akasema, "Soma tena pale niliposhakufa."

"Baba, haijaandikwa umekufa."

"Anadai ng'ombe za binti yangu. Nani hudai ng'ombe za dada yake?"

Mke wangu akaitazama tena karatasi.

"Sema. Wewe umekwenda shule."

"Kaka yake, baba akishazikwa."

"Basi soma tena pale nilipozikwa."

Hilo ndilo kosa la shemeji, na ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Alidhani anatumia mila kunifunga mdomo. Akasahau kwamba mahari ni ya baba, baba ndiye anayeyapokea, baba ndiye anayeyaomba, na mwana anayeyadai baba akiwa hai amemchimbia kaburi mbele ya majirani. Tena ameyadai kwa karatasi yenye mhuri wa serikali.

Wakili alimwandikia mzee mwito wa shahidi. Siku ya kusikilizwa alifika mapema kuliko sisi, amevaa suti ya kijivu yenye harufu ya dawa ya kuua nondo wa nguo na amebeba pampu ya baiskeli, maana baiskeli aliiacha kituo cha magari cha kwao kwa mtu asiyemwamini. Shemeji alipomwona kwenye benchi la nje aliinuka.

"Baba, umekuja kwa nini? Ungeniambia, ningekuleta kwa gari."

"Maiti haipandi mbele kwenye pikapu," mzee akasema. "Nimekuja kwa miguu yangu."

Watu wa kwenye benchi waligeuka. Nilitazama viatu vyangu, kwa sababu mkwe wangu alikuwa pale na haikufaa anione ninavyotabasamu.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, asiyepoteza maneno. Nilitoa ushahidi wangu kwa kifupi kama nilivyofundishwa: nilijenga nini, tulikubaliana nini, nimelipwa nini, nini kimebaki. Na wewe ufanye hivyo. Ukipewa kizimba usianze kueleza tabia ya mtu. Hakimu ataiona mwenyewe. Shemeji alipopewa nafasi, alisimama akaongea juu ya mila, juu ya heshima, juu ya mimi kuwa mgeni katika ukoo wao niliyechukua binti kwa bei ya mbuzi. Aliongea vizuri. Kuna mahali hata mimi nilianza kumwonea huruma mtu huyo aliyedhulumiwa.

Kisha mzee akaitwa. Kabla ya kuapa alimuuliza karani, "Nauli yangu ya kurudi iko wapi?" Karani akamweleza kwamba aliyemwita ameshaiweka. Akataka kuiona. Akaonyeshwa. Akaapa.

Wakili akamuuliza kama anamjua mshtakiwa. Karani akatafsiri.

"Nilimzaa. Yeye anaona alijizaa."

"Mlalamikaji amemaliza kutoa mahari?"

"Hakuna anayemaliza. Hata mimi kwa wakwe zangu sijamaliza."

"Ng'ombe waliobaki ni wa nani?"

"Ni wangu. Nimeshakufa?" Akamgeukia hakimu. "Mama, unaniona?"

"Nakuona, Mzee," hakimu akasema. "Jibu wakili."

"Ng'ombe ni wangu. Sijaziomba. Nikizitaka nitamwomba mkwe wangu mwenyewe, ana masikio. Sikumtuma mtoto yeyote aziuze kwa saruji."

Shemeji alikuwa na haki ya kumuuliza baba yake maswali. Hakimu alimwambia aulize. Alisimama, akafungua mdomo, akakaa.

Usinilaumu kwa kukumbuka hilo vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nililitazama kama mtu anavyotazama chakula.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa. Mahari si deni la mshtakiwa, kwa hiyo hakuna cha kukatwa. Alipe salio lote, riba, na gharama za kesi. Siku ile mzee alikuja tena bila kuitwa. Kwenye ngazi za nje alinisimamisha. "Nilisema kortini nitaomba mwenyewe," akasema. "Sasa naomba. Dume moja, mwenye afya, si yule mwenye pembe moja ninayejua unamfuga." Nilimpelekea. Huyo nilimtoa kwa moyo mweupe.

Lakini hukumu si pesa. Hapa watu wengi huchoka na kurudi nyumbani, na wadaiwa wanalijua hilo. Ukishinda unapata dikrii, karatasi inayosema unadai kiasi gani, halafu unaamua uitekeleze kwa njia gani. Sisi tulianza na dalali wa mahakama. Alikwenda nyumbani kwa shemeji kuandika mali ya kukamatwa. Makochi yalikuwa yamehamia kwa jirani. Pikapu ilikuwa na kitabu cha umiliki chenye jina la mtu wa Kisii. Ng'ombe wake walikuwa wanachungwa kwa marafiki katika maboma mbalimbali, desturi ya zamani, na kila rafiki aliapa kwamba ni wake. Kilichobaki ni vitanda na sufuria, na sheria hairuhusu kumnyang'anya mtu kitanda chake wala chombo cha kupikia. Shemeji alimkaribisha dalali chai, akamwambia, "Mpelekee shemeji salamu. Mwambie aje achukue hata mwiko wa ugali."

Nilipouliza njia nyingine, wakili aliniambia tunaweza kuomba aitwe aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai. Nililala na wazo hilo usiku mzima nikilipapasa. Asubuhi akanieleza kwamba aliyeshinda ndiye anayelipia chakula cha mfungwa wa namna hiyo. Nikasema hapana. Nilishamlisha samaki Kondele, ilitosha.

Wakati huo mwenye duka la vifaa alikuwa ameshapata mnunuzi wa kiwanja chetu. Nilikwenda kwake na dikrii. Aliisoma, akanirudishia. "Mwanangu, karatasi hii ni nzuri, lakini haijengi." Akanipa miezi mitatu zaidi. Mke wangu akaanza kupanga vyombo kwenye masanduku, bila kusema, kila siku kidogo. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta rafu moja imekuwa tupu.

Nilikwenda Katito bila mpango, siku ya soko, kuyatazama tu yale maduka. Niliingia katika duka la kwanza, ambalo mama mmoja alilifanya hoteli ya chai. Nilimsifu kwa usafi. Akasema jengo ni zuri, halivuji, halina ufa, lakini mwenyewe ni msumbufu.

"Anasumbua vipi?"

"Kodi. Ikifika tarehe tano amesimama hapo mlangoni na mfuko. Kwangu, kwa duka la dawa, kwa mwenye posho mili ya kusaga unga, kwa wote. Hata ukifiwa."

Niliweka kikombe chini. Tulikuwa tumetafuta alichonacho, na tukasahau kutafuta anachodai.

Wakili alipiga meza nilipomwambia. Njia hii ikumbuke: korti inaweza kukamata pesa za mdaiwa wako zikiwa bado mikononi mwa mtu mwingine. Mwajiri, mteja, mpangaji, yeyote anayempa pesa. Tulipeleka ombi na hati ya kiapo yenye majina ya wapangaji, wakaitwa, wakakubali kwamba wanadaiwa kodi, na hakimu akaamuru kwamba kuanzia mwezi ule kodi ya maduka yote matano ilipwe kortini mpaka dikrii iishe. Wapangaji walieleweshwa kwamba wakimpa yeye, watalipa mara mbili. Mwenye duka la vifaa, alipoona amri hiyo na kujua maduka hayo yana wapangaji watano wanaolipa, alimwambia mnunuzi wa kiwanja aende zake. Mke wangu akaanza kupanga vyombo kwenye rafu.

Tarehe tano nilikuwa Katito mapema. Nilikaa hotelini, meza ya karibu na mlango, chai na mandazi mawili. Shemeji alikuja na mfuko wake. Hakuniona mwanzoni.

"Mama, za leo? Nipe zangu niende Usenge."

"Nimeshalipa," yule mama akasema.

"Umemlipa nani?"

"Korti. Hukupata karatasi? Sisi tulipata."

"Kuna karatasi, nilipuuza. Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana. Kodi ndiyo ya shemeji." Akanionyesha kwa kidevu. "Muulize, anakunywa chai."

Wateja waliacha kutafuna. Shemeji akageuka. Nilisimama, kwa sababu ni shemeji, nikamsalimia kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. Nikamvutia kiti.

"Unanifanyia hivi mbele ya watu," akasema.

"Kaa unywe chai, omera. Nitalipa mimi. Ukitaka risiti nitakupa."

Hakukaa. Alikwenda duka la pili, la tatu, mpaka la tano, na kila mahali nilisikia akijibiwa neno lilelile. Veranda ile ni ndefu, niliijenga mimi, na mtu akitembea mikono mitupu juu yake anaonekana kutoka barabarani mpaka kituo cha magari.

Nilirudi tarehe tano ya mwezi uliofuata, na uliofuata. Wakili alisema si lazima niwepo, pesa zinakwenda zenyewe. Nilimwambia najua. Kulikuwa na njia ya kumaliza haraka zaidi: shemeji alimtuma jagam, jagam yuleyule, aniombe tuondoe amri, naye atalipa nusu taslimu na nyingine baadaye. Nilimnywesha jagam chai nzuri, nikamrudisha na salamu. Kuku sikuwa naye. Zaidi ya mwaka mzima, maduka niliyoyajenga kwa msingi mrefu yalinilipa kwa mkono wa mhasibu wa korti, shilingi baada ya shilingi, na mwisho nikachukua hati ya kiwanja kutoka kwa mzee wa vifaa na kumpa mke wangu mkononi. Aliisoma yote, mbele na nyuma. Akaniuliza kama jina lake linaweza kuongezwa. Tuliliongeza.

Watu huniuliza kama tulipatana. Tunasalimiana kwenye mazishi. Mimi sina kinyongo tena, na hilo nalisema kama mtu aliyeshiba. Kama ningemsamehe kabla ya kulipwa, ningekuwa namsamehe kila siku mpaka leo nikiwa nimepanga chumba kimoja.

Basi na wewe usichoke, na usijione mdogo mbele ya mtu mwenye gari. Mali anaweza kuihamisha usiku, lakini wanaompa pesa hawezi kuwahamisha. Wiki hii nenda mahali anapofanyia kazi mdaiwa wako, ununue chai, ukae, na ujue ni nani anayemlipa na tarehe ngapi. Kisha mpelekee wakili wako majina hayo.